Kitenzi Kisicho na Mdai

Mwalimu wetu wa Kihispania aliandika ubaoni maneno sita, moja chini ya jingine: debo, debes, debe, debemos, debéis, deben. Nadaiwa, unadaiwa, anadaiwa, tunadaiwa, mnadaiwa, wanadaiwa. Lilikuwa darasa la jioni, Granada, na sote tulishusha pumzi. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumehangaishwa na "ser", kitenzi kinachobadili sura kila kinapobadili mtenda. Hiki cha leo, "deber", ni kitiifu. Ondoa -er, weka -o, -es, -e, -emos, -éis, -en, basi. Nilipofika kwenye "debe" nilicheka kimoyomoyo. Kwetu debe ni la kupimia mchele.

Kila mtu akaambiwa atunge sentensi. Niliandika: "Debo dinero a mi tía." Nadaiwa fedha na mama mkubwa wangu. Mwalimu akaongeza neno dogo mwanzoni, "le", linalofanya kazi kama ile -m- yetu katika "nampa". "Le debo." Akaenda kwa mwingine. Mimi nikabaki nikiitazama ile sentensi, kwa sababu sarufi yake ilikuwa imenyooka lakini maneno yenyewe hayakuwa kweli. Mama mkubwa hanidai.

Mama mkubwa alinisomesha kwa vitumbua, Tanga. Ilikuwa kabla ya 2016, mwaka ambao serikali ilianza kufuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Na ada haikuwa peke yake: kulikuwa na michango, sare, godoro, ndoo, nauli ya kwenda na kurudi bwenini. Kwa miaka minne aliamka saa tisa usiku kuwasha jiko. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimpigia simu nikamwambia tukae siku moja tupige hesabu ya yote aliyonitolea, nianze kumlipa. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikudai."

Nililipokea neno lile kama stakabadhi. Imepita miaka mitatu. Nimemtumia salamu za Idi, vocha za simu, na picha za milima yenye theluji. Kila dhamiri iliponichokonoa niliijibu: mwenyewe kasema hanidai.

Kiswahili kilinisaidia kujitetea. "Kudaiwa" ni kauli ya kutendwa. Lazima awepo anayedai. Hata "nawiwa", lile neno tunalolisikia kwenye hotuba za shukrani, nalo ni la kutendwa. Tunaweza kusema "nina deni", lakini hapo deni ni mzigo nilioubeba, si tendo ninalolitenda. Kwa hiyo mdai akiondoka, nami nafunguliwa. "Debo" haina mlango huo. Mtenda ni mimi. Awepo wa kudai au asiwepo, kitenzi kimesimama.

Na kitenzi hikihiki, kikifuatwa na kitenzi kingine, huwa wajibu: "debo estudiar", yanipasa kusoma. Watoto wa Hispania huita kazi za shule za nyumbani "deberes". Asili yake ni Kilatini, "debere", lililoungwa kutokana na "de" na "habere": kuwa na kitu kilichotoka kwa mwingine, kukizuia kisimfikie. Kwa maana hiyo, kabla ya kuuliza nani anadai, mtu hujiuliza kwanza: mkononi mwangu kuna nini, na kilitoka kwa nani?

Najua jibu la vijana wenzangu, maana nami nimelitoa mara nyingi barazani. Mtoto hakuomba kusomeshwa. Mshahara wetu unaliwa na ukoo kabla haujaingia benki. Mzazi anayemsomesha mtoto kama anayenunua hisa hajatoa zawadi, amefanya biashara. Yote hayo naendelea kuyaamini. Lakini yote yanahusu haki ya kudai. Yanaonyesha kwamba mama mkubwa hana haki ya kunijia na daftari la madeni, na kweli hajawahi kunijia. Hayaonyeshi kwamba mimi sina wajibu. Nilikuwa nimeyachanganya mambo mawili: kutodaiwa, na kutopaswa.

Katika baa za Granada ukiagiza kinywaji huletewa na kisahani cha chakula ambacho hukukiagiza. Ukitaka kuondoka unamuuliza mhudumu, "¿Qué te debo?" Unanidai nini? Anataja bei ya kinywaji, unalipa, mmemalizana. Ndivyo deni la sokoni lilivyo. Unalilipa ili kila mtu ashike njia yake. Nikiwa nimesimama kaunta usiku ule, sarafu mkononi, ndipo nilipoelewa ule ukimya wa mama mkubwa kwenye simu. Nilikuwa nimemuuliza swali la baa. Nilitaka anitajie bei, nilipe, tumalizane.

Na alipokataa kunitajia bei, mimi nikaondoka bila kulipa.

Deni lisilo na bei halilipiki likaisha. Lakini kutolipika si ruhusa ya kutolipa. Labda ndiyo maana linakaa vizuri katika wakati uliopo. "Debí", wakati uliopita, ni neno la majuto: ilinipasa, nami sikufanya. "Debería" ni neno la watu wa kesho: ingenipasa. "Debo" ni leo, na kesho tena itakuwa leo.

Jumapili nilimpigia. Sikutaja hesabu. Nilimuuliza anaamkaje, jiko likoje, wateja wangapi. Akaniambia bati la jikoni limetoboka, mvua ikinyesha anahamisha unga hadi chumbani.

"Yanahitajika mabati mangapi, mama?"

"We nawe," akacheka. "Si nilishakwambia sikudai?"

"Najua, mama. Mabati mangapi?"