Leo Tuko Shamba la Nani?

Siku hizi kampuni za programu zinapenda kuwauliza wafanyakazi kama wana furaha. Fomu inaingia kwa simu: kutoka 1 hadi 10, unafurahia kazi yako kiasi gani? Wasee wengi hujaza 7. Ukiweka 4 utaitwa kikao, ukiweka 10 utaonekana huna kazi ya kutosha. Mwaka 2021 Nicole Forsgren na wenzake walitoa mfumo unaoitwa SPACE wa kutazama tija ya madeva, na herufi yake ya kwanza inasimamia kuridhika na hali njema ya mtu. Nia yao ilikuwa nzuri, walitaka mabosi waache kumpima mtu kwa kitu kimoja. Lakini furaha ikishakuwa kipimo, kuna swali ambalo halinitoki: mtu akitaka ufurahi ili uzalishe zaidi, hiyo furaha ni ya nani?

Mimi si deva. Huandika maelezo ya matumizi ya programu, nalipwa kwa kila kazi, na tunashiriki chumba cha kukodi hapa Kisii mjini, upande wa Daraja Mbili, na vijana wanne wanaojengea kampuni moja ya Nairobi. Nawaona kutwa. Najua nani huapa akikwama na nani hunyamaza.

Wazee wa Gusii walikuwa na jibu, ingawa swali hawakuliweka hivyo. Kulikuwa na risaga: majirani wanaitwa kulima au kupalilia, wanaimba, na mwenye shamba anawaandalia amarwa, pombe ya nafaka. Kulikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo cha zamu. Leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliandika juu ya ushirikiano huu wa majirani mwaka 1951. Watu wakisimulia siku hizi husema kazi ilikuwa tamu kwa sababu ya nyimbo na pombe. Sidhani. Wimbo unaweza kuimbwa hata kwenye shamba la bwana mkubwa. Nadhani utamu ulikuwa kwenye zamu: ninapoinama kwako leo najua kabisa ni lini utainama kwangu, na hakuna mtu wa tatu anayevuna jasho letu sote.

Na tusiipambe sana. Amarwa ilipikwa na mama wa boma, na sijasikia risaga iliyoitwa kumsaidia kuipika.

Sasa nenda Nyamira asubuhi, pita Kebirigo au Nyansiongo, uone chai inavyochumwa. Kibarua analipwa kwa kilo. Anatakiwa majani mawili na chipukizi, lakini mizani haioni chipukizi, inaona uzito, kwa hivyo kishawishi cha kuongeza majani magumu kipo kila siku, na karani wa kituo yupo ili kuyakataa. Bonasi ya mwisho wa mwaka ikifika, inaenda kwa mwenye shamba. Aliyechuma hana lake humo. Unaweza kumwekea redio na chai ya maziwa saa nne, atashukuru, lakini ataendelea kujaza kikapu kwa kilo.

Madeva wetu wako karibu zaidi na huyu kibarua kuliko na egesangio. Kilo zao zinaitwa tiketi: kila kazi ndogo ina tiketi, na meneja anahesabu ngapi zimefungwa kwa wiki. Mambo haya hayakuanza jana. Huko Apple mwaka 1982, madeva walitakiwa kujaza kila wiki idadi ya mistari waliyoandika. Bill Atkinson alikuwa ameandika upya sehemu moja ikawa fupi na ya kasi zaidi, basi akajaza −2000. Karani wa chai angemwelewa.

Mwaka jana wanne hawa walianza kitu bila kukipa jina. Kila Jumatano kuanzia saa nane wote walifunga laptopu zao isipokuwa moja, wakaketi nyuma ya mwenye zamu, na kushughulikia kile kinachomkera yeye. Wa kwanza, tunayemwita Omogaka kwa sababu ana miaka 31, hakuchagua tiketi. Alichagua seva iliyokuwa ikizima usiku na kumwamsha saa tisa kuiwasha kwa mkono. Ilichukua saa tatu, kelele nyingi na mahindi ya kuchoma. Tiketi zilizofungwa alasiri hiyo: sifuri. Lakini mtu alianza kulala, na maze, deva aliyelala hufanya kazi tofauti kabisa. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya malipo ya M-Pesa yaliyokuwa yakijirudia kwenye rekodi, sehemu ambayo kila mtu alikuwa anaikwepa.

Meneja alisikia na akapenda. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Aliipa jina la kupendeza, akaleta orodha ya kazi za kuchagua, na fomu ya kujaza baadaye. Watu walikuwa walewale, chumba kilekile, mahindi yalelale. Baada ya wiki mbili walikuwa wanakaa nyuma ya laptopu moja wakiangalia simu zao. Shamba lilikuwa la kampuni tangu mwanzo, sawa, lakini hapo kwanza zamu ilikuwa yao. Orodha iliichukua zamu.

Kwa hivyo wamehamia Ijumaa, kimyakimya. Na hapa ndipo nimekwama, kwa sababu mmoja wao ni Msabato wa kweli, si wa kuvaa suti tu, na aliuliza mbele yetu: saa hizi tumeziuza. Je, huu si wizi? Omogaka alimjibu kwamba kampuni inafaidika kuliko mtu yeyote. Jibu hilo halinitoshi. Hata mwizi anaweza kukurudishia zaidi ya alichochukua. Langu ni kwamba kampuni ilinunua kazi yao, na kazi ya watu wanne hutaka sehemu wanayojiamulia, kama jembe linavyotaka mpini. Anayelipia jembe hawezi kusema hakulipia mpini.

Msabato hakukubali. Amemwandikia meneja akiomba saa hizo tatu, bila orodha na bila fomu, na mpaka leo hajajibiwa. Ijumaa huja, huketi nyuma ya wenzake, hushauri, huona kosa kabla ya wengine, kisha huondoka mapema kwa sababu ya jua. Lakini zamu yake mwenyewe ameikataa mara mbili sasa, na kila Ijumaa wale watatu wanazidi kudaiwa.