Kurisiti na Kadari

Mtihani wa kidato cha sita nchini Tanzania, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani lililoundwa mwaka 1973, huacha nyuma yake kila mwaka vijana ambao hawakufeli lakini pia hawakupata walichokikusudia, na ambao kwao kurisiti, yaani kuufanya tena mtihani ule ule wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, huwa swali la itikadi kabla hawajalifikia suala la ada. Katika nyumba nyingi za Waislamu swali hilo hufungwa kwa maneno mawili tu: haikuwa riziki. Anayeyatamka huwa na nia ya kuliwaza, na mara nyingi huliwaza kweli, ingawa ni vigumu kutotambua kwamba maneno hayo huja upesi zaidi pale ambapo fedha ya kurudia haipo, na upesi zaidi bado pale ambapo mtahiniwa ni binti.

Riziki ni fungu ambalo Mungu amemkadiria kiumbe chake, nayo ni sehemu ya kadari, yaani makadirio ya Mungu yanayotangulia kila tukio, ambayo kuyaamini ni nguzo ya mwisho kati ya nguzo sita za imani. Muumini hawezi kuyakana. Hata hivyo, kusema kwamba jambo lililopita lilikadiriwa ni tofauti na kudai kwamba lijalo linajulikana, na anayemwambia kijana asirisiti kwa kuwa udaktari haukuwa riziki yake anavuka kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili bila kuonyesha daraja alilopitia. Khalifa Umar bin al-Khattab, alipofika Sargh akielekea Sham na kupata habari za tauni huko, aliamua kurejea na watu wake, na sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alikubali kwamba anakimbia, ila akaeleza kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu akielekea nyingine, mithili ya mchungaji wa ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Kwa hoja hiyo, anayerisiti na anayeacha wote wamo ndani ya bonde moja, kwa hiyo kadari haiwezi kutumiwa kumhukumu yeyote kati yao.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya mtahiniwa unapatikana katika fikihi, elimu ya sheria za ibada na maisha. Imepokewa katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud habari ya wasafiri wawili waliokosa maji, wakaswali kwa tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi badala ya udhu, kisha wakapata maji kabla wakati wa sala haujatoka. Mmoja akatawadha akairudia sala, mwingine hakuirudia. Walipomweleza Mtume, yule ambaye hakurudia aliambiwa kwamba amepatia sunna na sala yake imemtosha, na aliyerudia akaambiwa kwamba ana ujira mara mbili. Kijana mwenye D mbili katika mchepuo wa sayansi ana alama nne kwa hesabu ya udahili inayoipa A alama tano na E alama moja, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza. Sala yake, kwa lugha ya mfano huu, imetosha, ijapokuwa si kwa kila shahada. Akikubali kozi iliyo wazi kwake hajawa mvivu, na akirudia hajawa mkaidi mbele ya Mola wake.

Lakini katika habari hiyo kuna kitu ambacho wahamasishaji wa kurisiti hukipita haraka, nacho ni kwamba msafiri yule alirudia kwa sababu maji yalipatikana. Mtahiniwa anayerejea na madaftari yale yale, pasipo mwalimu wala maabara, anarudia tayamamu. Katika mtihani wa vitendo wa Kemia, kwa mfano, mkono hujifunza kwa kurudia kufungua bureti kiasi cha tone moja la asidi, lile linaloigeuza njano ya kiashiria kuwa rangi ya chungwa, na ambalo likizidi husababisha kipimo hicho kianzwe upya. Ustadi huo haupatikani kwa kusoma muhtasari chumbani, na namba ya mtihani inayoanza na herufi P, ya watahiniwa wa kujitegemea, haiji na ufunguo wa maabara.

Kwa sababu hiyo hata istikhara, sala ya rakaa mbili ya kumwomba Mungu achague lililo la kheri, wanazuoni huiambatanisha na ushauri wa wenye ujuzi, wala haina sharti la kuotewa ndoto, kinyume na wengi wanavyodhani. Anayeinuka kutoka kwenye mswala bado ana karatasi ya matokeo mkononi na usajili wenye tarehe ya mwisho, na wa kuulizwa habari za maji ni mwalimu wake wa Kemia.