Haumi

Kila mwenye mbwa Nairobi ana neno moja analolitumia kama pasi ya kupitia popote: "Haumi." Unamwambia jirani kwenye ngazi, unamwambia mtu wa bodaboda anayeleta chakula, unamwambia mtoto aliyejificha nyuma ya mamake. Unalisema ukitabasamu, halafu unatarajia watu watulie. Mimi nimelisema kwa miaka minne, tangu Bosco aje kwangu akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya helmeti.

Aprili iliyopita nilimpeleka Diani. Wakati huo mvua za masika zinaanza, wageni wamepungua na nyumba za kukodi zimeshuka bei, na sisi wa mishahara ya kubana ndio huo tunaosubiri. Kwenye feri ya Likoni Bosco alitoa kichwa dirishani, na watu waliosimama karibu na gari wakasogea. Niliwaona, nikacheka. "Haumi," nikawaambia.

Jioni ya kwanza tulitembea ufuoni hadi karibu na pale Mto Kongo unapoingia baharini. Hapo juu, kwenye mibuyu, pana Msikiti wa Kongo, jengo la mawe la karne nyingi ambalo watu wanaswali ndani yake hadi leo. Nikamfungua kamba. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu wangu alikuwa hajawahi kuuona, na alipouona alipandwa na wazimu wa furaha. Alikimbiza mawimbi, akabwekea povu, akajiviringisha kwenye mwani. Mimi nilikuwa nyuma na simu, narekodi.

Kwenye video hiyo, mzee mwenye kanzu nyeupe anatokea upande wa kushoto. Bosco anamfikia kabla yangu. Anamrukia, miguu ya mbele kifuani, ulimi mkononi. Mzee anasimama tu, mikono juu. Na sauti yangu inasikika: "Usijali mzee, haumi!"

"Mwanangu," akasema, "sikukuuliza kama anauma."

Hakupaza sauti. Aliitazama kanzu yake, akalitazama jua, akageuka na kurudi alikotoka. Adhana ya magharibi ilianza hata sijamaliza kumfunga Bosco.

Mimi nimelelewa kanisani, kwa hivyo ilibidi mlinzi wa nyumba tuliyokodi anieleze. Kwa Mashafi, na Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafi, mate ya mbwa ni najisi nzito. Palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Na magharibi ina muda mfupi. Hesabu ilikuwa rahisi: video yangu ilimkosesha mzee swala ya jamaa.

Usiku nilijitetea kitandani. Si Katiba yenyewe, Kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma? Ufuo si wa hoteli wala si wa msikiti, ni wetu sote. Lakini kila nikiirudia hoja hiyo ilinigeuka. Kama ni wetu sote, basi na yeye yumo. Mimi nilikuwa nimesoma "wangu pia", halafu nikaisahau ile "pia".

Nikajaribu nyingine. Tukianza kuheshimu kila kinachomkera mtu, tutaishia wapi? Kesho mwingine atakerwa na kaptura yangu, keshokutwa na dada yangu anayeogelea. Hoja hii ina uzito, na siitupi. Lakini anayekerwa na kaptura yangu anaweza kutazama pembeni na kuendelea na safari yake. Mzee hakupewa nafasi hiyo, maana jambo langu lilimfuata hadi mwilini. Nadhani mpaka uko hapo: uhuru wangu ukishamgusa mtu kwa ulimi, nilipaswa kuwa nimeshamuuliza.

Hapo ndipo lilipo tatizo la "haumi". Linajibu swali la meno peke yake. Mengine yote, kama vile hofu, imani na kumbukumbu, linayafuta, na anayefuta ni mwenye mbwa. Wakenya wengi tumemjua mbwa kupitia bango la "Mbwa Kali" kwenye geti la mtu mwingine. Kuna waliokimbizwa wakienda kutafuta kibarua. Mtu kama huyo, "haumi" yako itamsaidia nini?

Asubuhi nilimwacha Bosco kwenye veranda, nikaenda kuomba msamaha. Nilimkuta mzee nje ya duka, akinywa kahawa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemwacha wapi?"

"Nyumbani, kivulini."

"Na maji umemwekea?"

Nikakumbuka bakuli. Lilikuwa bado ndani ya gari.

"Basi rudi ukampe kwanza," akasema. "Msamaha hauozi."

Baadaye nilisoma ile hadithi ya Mtume iliyomo katika Sahih Bukhari, ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Dini ile ile iliyomtaka mzee aoshe mara saba ndiyo iliyomfanya aulize habari ya maji. Mimi, mpenzi wa mbwa wa kujitangaza, nilikumbuka simu nikasahau bakuli.

Siku tatu zilizobaki tulikuwa tukitoka alfajiri, watu wakiwa wachache na maji yakiwa mbali. Bosco alikuwa kwenye kamba ndefu. Nilidhani atasononeka, lakini alichimba mchanga vile vile, akapiga chafya kwa chumvi vile vile. Aliyehitaji akimbie huru kwa ajili ya video nilikuwa mimi.

Siku ya mwisho mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza miambani alisimama mbali kidogo, fimbo mkononi.

"Amefungwa huyo?"

"Amefungwa, mama. Tupite huku juu?"

"Piteni."

Tukapita. Hakuniuliza kama anauma, na mimi sikumwambia.