Alipoungama Dhambi Ambayo Hakuitenda

Wiki hii nawaletea swali lililonishinda mimi mwenyewe: mtu akiungama dhambi ambayo hakuitenda, mchungaji amjibu nini?

Mama mmoja wetu wa miaka 71, aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kwa miaka mingi, aliniita nyumbani kwake. Alikuwa amekonda, hali, halali. Akanishika mkono. "Pasta, niliiba pesa za chama. Mungu amenikataa, na tumbo langu limeshaoza ndani." Usiku alikuwa akisikia sauti ikimwita mwizi.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nilifanya ninachojua. Nilichukua daftari za chama nikazilinganisha na stetimenti za benki, mwaka kwa mwaka. Hakuna hata shilingi iliyopotea. Nikarudi mbio nikidhani nimebeba habari njema. Akanitazama kwa huruma: "Umenifichia, mwanangu. Sasa na wewe utahukumiwa kwa ajili yangu."

Basi nikajaribu njia ya mkato. Nikamwambia, sawa mama, kama uliiba, umesamehewa. Asubuhi alikuwa na dhambi nyingine, kubwa zaidi. Kumbe nilikuwa nimetia sahihi risiti ya mzigo ambao haukuwahi kufika. Halafu nikakosea vibaya zaidi: nikapendekeza tufunge naye siku tatu. Mtu ambaye tayari alikuwa hali! Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika alimletea mkate na maji, akala, akalala tena. Nimehubiri habari hiyo mara ngapi?

Ni binti yake aliyempeleka hospitali. Daktari alisema ni sonona kali, yaani depresheni iliyofika mahali mgonjwa anasikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuyaondoa. Kwa wazee mara nyingi huja kwa sura hizi: nina hatia, nimefilisika, mwili wangu umeharibika. Ni ugonjwa wa hatari, maana anayeamini amekwisha kuhukumiwa anaweza kujiua. Asiachwe peke yake, na tusiogope kumwuliza waziwazi kama anawaza kufa.

Na hutibika. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 259 wa namna hii huko Marekani na Kanada, zaidi ya nusu yao wakiwa na miaka 60 na zaidi. Waliopewa dawa ya sonona pamoja na dawa ya kutuliza hizo sauti na imani za uongo walipata nafuu wengi zaidi kuliko waliopewa hiyo ya pili peke yake. Najua wapo watakaoniuliza kuhusu mapepo. Tuombe, lakini dawa zimezwe.

Mwingine atasema aliyeokoka hawezi kufika hapo. William Cowper, Mwingereza aliyetunga ule wimbo wa chemchemi ya damu, mwaka 1773 alianza kuamini kwamba Mungu amemtupa, na akaishi na wazo hilo mpaka alipokufa mwaka 1800. Rafiki yake John Newton, mtunzi wa Amazing Grace, alikuwa mchungaji katika mji huo. Alimpa nafasi nyumbani mwake zaidi ya mwaka mmoja.

Turudi kwa swali. Hatia ya kweli ina mlango: ukitubu, unapita. Hii ya mama haikuwa na mlango, na mimi nilikuwa nampeleka ukutani kila siku. Kumsamehe mtu kosa ambalo hakulifanya ni kumshuhudia uongo, hata kama nia ni upendo. Kubishana naye pia ni bure. Ninachoweza kusema bila kudanganya ni hiki: "Mama, mimi sioni hivyo. Lakini naona unaumia, na nitakaa hapa nawe." Halafu namkorogea uji.

Sasa anakula na analala, ingawa bado kuna siku ngumu. Nimemwomba msamaha kwa ule mfungo. Yeye na binti yake wameniruhusu kuandika haya, tena ni yeye aliyetaka niongeze neno la mwisho. Kuna akina mama wawili waliomsikia akiungama, wakaanza kuulizia pesa zao. Daftari ziko ofisini kwangu pamoja na stetimenti. Njooni baada ya ibada ya pili mzione.