Mwandishi Anadaiwa Nini na Kijiji Chake?

Vijana wanaoniletea hadithi zao hapa Ikolo huuliza swali moja: nifanyeje niandike vizuri zaidi? Majibu ya kawaida yapo, na ni ya kweli. Soma sana. Andika kila siku, hata ukurasa mmoja. Kisha jisomee kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi ina kasoro. Ila kuna jambo jingine, la uadilifu kuliko la ufundi: usidanganye kuhusu kwenu.

Hadithi nyingi za vijana wetu zimejaa majahazi na karafuu, kama vile Kiswahili hakijui maji mengine ila ya Bahari ya Hindi. Jamani, sisi tuna mitumbwi ya Ziwa Nyasa, usipa ulioanikwa juani, mpunga na kakao! Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Hata hivyo, Rosa Mistika (1971) aliianzia hukohuko kwao, wala hakuficha yale ambayo wengi hawakupenda kuyasikia.

Je, huko si kuwaanika majirani? Inategemea. Siri ya mtu ni yake: badili jina, badili nyumba, hata tukio. Uchungu wenyewe usiubadili. Jirani akisoma asijione yeye, ila aitambue Ikolo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kutafuta neno tamu jiulize: hiki nimekiona, au nimekisoma tu? Kama umekisoma tu, weka kalamu chini, nenda ufukweni kwanza.