Taa Njema Iliyoelekezwa Vibaya

Mwezi huu twataka kulitafakari swali moja nanyi: Je, mtu aweza kuwa na hatia kwa tendo alilolitenda kwa nia njema, wala hakujua kwamba lamdhuru mwenziwe? Wengi hujibu upesi kwamba nia ndiyo ipimwayo, na neno limekwisha. Sisi nasi tulijibu hivyo, hata usiku mmoja pikipiki ikatufundisha.

Tulikuwa tukirudi nyumbani, tumempakia mwenzetu nyuma pamoja na gunia la mahindi. Taa ilikuwa na balbu mpya, nasi tuliifurahia, maana hata majani ya juu ya migomba yalionekana toka mbali. Mzee mmoja alikuwa akija kwa miguu. Mwanga ulipompata usoni aliinua mkono kuyakinga macho, akakosa njia, akaanguka mtaroni, goti likachubuka. Tulisimama tukamwinua, tukamwomba radhi. Lakini papo hapo tukajitetea kwamba taa yetu ni nzuri, tena ni mpya. Akatujibu, "Mwanangu, wewe unakaa nyuma ya taa. Mimi nilikuwa mbele yake."

Neno hilo halikutuacha. Kesho yake tulikwenda kwa fundi. Kwanza alitazama upepo wa magurudumu, kisha akaisimamisha pikipiki wima juu ya sakafu iliyo sawa, taa ikiuelekea ukuta kwa umbali wa meta 5. Akapima toka sakafu hata katikati ya taa, akapata sentimeta 80, akapiga mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho. Akapiga na wa pili, sentimeta 5 chini ya ule wa kwanza. Akatuambia kwamba mwanga wa chini, yaani ule utumikao tukutanapo na watu, yapasa ukingo wake wa juu ukae penye mstari wa pili.

Tulipoketi peke yetu, mwanga ulikaa palepale, nasi tukaona fahari. Ndipo akamketisha kijana nyuma yetu. Nyuma ya pikipiki ikadidimia, mbele ikainuka, na mwanga ukapanda juu ya mistari yote miwili. Basi akazilegeza nati za taa, akaiinamisha kidogo, akakaza, akapima tena. Akatuonya tupime upya kila mzigo ubadilikapo sana.

Tulimwuliza, mbona asiiinamishe zaidi, ili isimdhuru mtu kamwe? Akatufanyia hesabu. Mwanga utokao kimo cha sentimeta 80, ukishuka sentimeta 5 kwa kila meta 5, hugusa njia meta 80 mbele. Ukishuka sentimeta 20, hugusa meta 20 tu. Na aendaye kilometa 60 kwa saa hupita meta 20 kabla ya sekunde 2 kutimia. Huyo atamwona mtoto njiani, lakini hatawahi kusimama.

Haya, turudi kwenye swali letu. Twaona sasa kwamba kutojua kuna namna mbili. Yuko asiyeweza kujua, naye hatumhukumu. Yuko na yule ambaye angaliweza kujua, ila hakuuliza. Sisi tulikuwa wa namna ya pili. Migomba ilitushuhudia kwamba mwanga wapanda juu, nasi tukauita uzuri. Nia yetu ilikuwa kama ile balbu: iliutia mwanga nguvu, haikuuonyesha pa kwenda.

Wangapi kati yetu husema kweli mbele za watu, na aliyeambiwa akaanguka badala ya kuiona njia? Ukimwuliza msemaji, atasema, "Nilisema kweli," kama sisi tulivyosema, "Taa ni mpya." Tena yuko aliyekuwa mpole alipokuwa peke yake, alipopewa cheo, mzigo ukamwinua, wala hajui kwamba sasa maneno yake yawapiga watu machoni. Kadhalika yuko yule ambaye kwa kuogopa kumwudhi mtu ameinamisha taa yake mno, akamwacha mwenziwe afikie shimo bila kuonywa. Huyu naye asijisifu kwa upole.

Kwa hiyo twajibu hivi: nia njema haituondolei wajibu wa kupima. Na kipimo hakipatikani kwa yule aketiye nyuma ya taa. Yatupasa kumwuliza aliye mbele yetu, mke, mtoto, mwanafunzi, jirani, "Je, mwanga wangu wakufikaje?" na kunyamaza mpaka amalize kujibu.

Jioni ile tulimpitia yule mzee, tukampakia kijana nyuma, tukamwomba asimame njiani. Alitazama kwa muda. Kisha akasema, "Sasa naiona njia, nawe nakuona."