Uzito wa Mwili na Uzito wa Neno

Tumfikirie binti wa miaka 15 aishiye Utete, kando ya mto Rufiji, naye ana kisukari cha aina ya kwanza. Kabla ugonjwa haujatambuliwa alikonda kama ng'onda, ingawa alikula wali kwa wingi na kunywa maji usiku kucha. Majirani wakanong'ona. Huyu alisema amerogwa, yule akataja UKIMWI. Alipoanza kudungwa insulini mwili wake ukarudi, na haukupita mwaka majirani wale wale wakamwambia, "Mwanangu, umenenepa mno siku hizi." Lilisemwa kwa mzaha tu. Binti akaingia nalo chumbani, na jioni ile hakujidunga sindano yake.

Swali letu leo ni hili: je, ni haki kuutazama mwili wa mtu na kuusoma kama kwamba ni barua ya tabia yake?

Kwanza tuuelewe ugonjwa. Kongosho la mgonjwa huyu limeacha kutengeneza insulini ya kutosha. Pasipo insulini, sukari itokanayo na chakula haitumiki ipasavyo mwilini. Hujaa katika damu na kutoka kwa mkojo, nao mwili hujila wenyewe. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini kule Toronto, nchini Kanada, Januari 1922, alikuwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kilo zipatazo 29 tu. Kabla ya siku hiyo, njia kubwa ya kurefusha maisha ya wagonjwa kama yeye ilikuwa kuwanyima chakula. Tangu mwanzo, basi, insulini ni dawa irudishayo nyama juu ya mifupa. Inapofanya kazi yake, yatupasa kushukuru wala si kucheka.

Jambo hili limethibitishwa. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,441. Waliotunza sukari yao kwa uangalifu zaidi waliepushwa sana na madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Lakini hao hao waliongezeka uzito kuliko wenzao, kwa maana chakula kilichokuwa kikipotea kwa mkojo sasa kilibaki mwilini.

Siku hizi nchi zenye uwezo zina mashine iifanyayo kazi hiyo karibu yenyewe. Kipimo kidogo kikaacho chini ya ngozi husoma sukari kila baada ya dakika chache, hesabu hufanywa na chombo, na pampu ndogo huingiza insulini kwa kiasi kinachofaa, mchana na usiku. Mgonjwa huiarifu tu mashine saa ya kula. Ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na mwaka 2023 Uingereza ilipendekeza itumiwe na wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya kwanza. Vijana wengi waitumiao sukari yao imetulia, lakini wapo ambao uzito wao umepanda.

Pengine msomaji atauliza: yatuhusu nini mashine ya nchi tajiri, hali mtoto wa visiwa vya delta husafiri kwa mtumbwi kufuata kichupa kimoja, na mama yake hukiweka kando ya mtungi kisiharibiwe na joto? Yatuhusu sana. Haki inadai kichupa kifike kwanza, kwa kila mtoto, bila kukatizwa. Lakini mashine hiyo imetufundisha jambo ambalo kichupa hakikulionyesha wazi. Mashine haina uroho wala uvivu. Hufanya hesabu yake bila upendeleo, na hata hivyo kijana aweza kunenepa. Basi ni nani atakayesema tena kwamba kila kilo iliyoongezeka ni kosa la mtoto? Kwa miaka mingi tumemlaumu kijana kwa kazi ya dawa.

Hatusemi kwamba uzito hauna maana. Uzito kupita kiasi nao una hatari zake, na kijana ana wajibu wa kula kwa kiasi na kuushughulisha mwili. Lakini hayo ni mazungumzo yake na mganga, ambaye aweza kupima upya dawa na chakula. Si mazungumzo ya kisimani wala ya barazani. Kijana aachaye insulini ili apungue hapungui kwa afya, bali hurudi kwenye ugonjwa ule ule uliomkondesha. Asidi hujaa katika damu, na kifo chaweza kuja kwa siku chache. Hata mwenye mashine aweza kuivua kwa sababu ya aibu. Hakuna chombo kilichobuniwa bado kiwezacho kumkinga mtoto na ulimi wetu.

Kwa hiyo wazazi wamsifu mtoto kwa uaminifu wake kwa sindano, wala si kwa wembamba wala kwa unene. Walimu wasiruhusu majina ya dhihaka darasani. Mzazi akiona kijana wake anakonda ghafula, anajificha wakati wa kujidunga, au anakataa kupimwa, asimgombeze. Amwulize kwa upole ni nani aliyemwambia nini, kisha wafuatane hospitali upesi.

Nasi majirani tunalo letu la kufanya, nalo halihitaji fedha wala mashine. Tukimkuta binti yule njiani, tumwulize habari za masomo na za nyumbani. Habari za kilo zake tuwaachie waganga.